Daftari la Moyo: Safari ya Murakaba kutoka Basra hadi Pwani Yetu

Basra ilianza kama kambi ya jeshi katika miaka ya 630, zama za Khalifa Umar bin al-Khattab. Haukupita muda mrefu kambi ikageuka mji, na mji ukawa bandari. Vyombo vilitia nanga kutoka Bahari ya Hindi, bidhaa zikashushwa, mali ikabadilisha mikono. Jioni mfanyabiashara alifungua daftari lake, akatazama kilichoingia na kilichotoka, akajua kama siku imemletea faida au hasara.

Katika mji huo wa mizani na madeni aliishi Hasan al-Basri, aliyezaliwa Madina mwaka 642 na kufariki Basra mwaka 728. Aliwafundisha watu wa soko jambo walilolielewa mara moja: kwamba muumini ana hesabu nyingine ya kufunga, nayo ni ya nafsi yake. Ajiulize alikusudia nini kwa neno alilotamka, kwa tonge alilokula, kwa hatua aliyopiga. Anayeifanya hesabu hiyo hapa duniani, itamwia nyepesi huko aendako.

Hasan hakulibuni jambo hili. Umar mwenyewe alikumbukwa kwa kuwahimiza watu wajihesabu kabla hawajahesabiwa. Na kabla ya hapo, Waislamu walikuwa wakisimuliana habari za mgeni aliyevaa nguo nyeupe pepe, nywele nyeusi tititi, asiye na dalili ya safari, aliyeketi mbele ya Mtume Muhammad (S.A.W.) akamuuliza kuhusu Uislamu, kisha imani, kisha ihsani. Mgeni huyo alikuwa Jibril. Jibu la swali la tatu ndilo chemchemi ya habari yote inayofuata: mja amwabudu Mola wake kwa moyo uliohudhuria kana kwamba anamtazama, na akishindwa kufika hapo, basi asisahau kwamba yeye anatazamwa.

Hali hiyo ya kuishi ukijua unatazamwa ndiyo wanazuoni walioiita murakaba. Kazi ya kufunga hesabu wakaiita muhasaba. Leo watu wengi wanatafuta utulivu wa akili, na wengine wanadhani dini yetu haina la kusema juu ya hilo ila amri na makatazo. Historia inasema vingine. Kwa zaidi ya miaka elfu moja Waislamu wameuchunguza moyo kwa makini ambayo ni mataifa machache yaliyoyafikia, na walioufanya uchunguzi huo walikuwa watu waliojua huzuni, hofu na wasiwasi kwa majina yake.

Mtu aliyeitwa kwa kazi yake

Mwishoni mwa karne ya 8, huko huko Basra, alizaliwa al-Harith bin Asad. Baadaye alihamia Baghdad, mji mkuu wa Wabbasi, na humo watu wakamzoea kwa jina la al-Muhasibi, yaani yule anayejihesabu. Baba yake alikuwa na mali, lakini yeye hakuigusa kwa sababu ya khitilafu ya itikadi iliyokuwa baina yao, akaishi maisha ya uhitaji. Inasimuliwa kwamba alipounyoosha mkono kwenye chakula chenye shaka, mshipa wa kidole chake ulicheza, akajizuia. Ukiyatafakari masimulizi hayo utaona yanamweleza mtu aliyeizoea kabisa hali yake, hata mwili wake ukawa unamwonya.

Kitabu chake kikubwa, *al-Riaya*, kinahusu kuzilinda haki za Mwenyezi Mungu. Ndani yake al-Muhasibi anashughulika na kitu kidogo kabisa: fikra inayopita moyoni kabla mtu hajatenda. Anasema fikra hizo hutoka kwenye milango mitatu. Mmoja ni zinduo la Mwenyezi Mungu, wa pili ni amri ya nafsi, wa tatu ni pambo la shetani. Kazi ya mja ni kuthibiti, yaani kusimama kidogo mbele ya fikra, kuiuliza imetoka wapi na inampeleka wapi, kisha ndipo aikubali au aikatae.

Hapa pana tiba kubwa. Mtu mwenye hasira huwa haioni hasira yake, huona tu kosa la mwenzake. Mwenye hofu haioni hofu, huona janga linalomjia. Al-Muhasibi anamfundisha aitazame ile fikra yenyewe, aitambue kwamba ni fikra, kisha aamue. Pengo hilo dogo baina ya wazo na tendo ndipo uhuru wa mtu ulipo, na mja aliyelizoea hasukumwi tena na kila kinachopita moyoni mwake.

Mwanafunzi wake mashuhuri, Junayd wa Baghdad, alihadithia namna mwalimu huyo alivyokuwa akimtoa nyumbani waende zao nje ya mji. Junayd alikuwa kijana apendaye upweke, na alilalamika kwamba anatolewa kwenye utulivu wake na kuingizwa katika njia zenye watu. Al-Muhasibi alimwambia asiogope, kisha wakikaa akamtaka aulize. Kijana aliuliza lolote lililomjia, mwalimu akajibu, halafu akarudi nyumbani kuyaandika yale maswali na majibu yakawa vitabu. Elimu ya moyo, basi, ilizaliwa katika mazungumzo ya watu wawili wanaoaminiana.

Maisha yake hayakuishia kwenye heshima. Imam Ahmad bin Hanbal alimpinga kwa kuingia katika elimu ya kalam, yaani mijadala ya itikadi, na wafuasi wa Imam wakamtenga. Alipofariki mwaka 857, inasimuliwa, walioswalia jeneza lake walikuwa wanne tu. Lakini maneno yake yalibaki yakisubiri msomaji.

Tabibu wa Balkh

Wakati al-Muhasibi anazikwa Baghdad, mbali huko mashariki, karibu na mji wa Balkh ulioko Afghanistan ya leo, kulikuwa na mtoto mdogo aliyeitwa Ahmad bin Sahl. Ulimwengu ungemjua kama Abu Zayd al-Balkhi. Alisafiri hadi Iraki akiwa kijana, akasoma kwa mwanafalsafa al-Kindi, kisha akarejea kwao na elimu ya dini, jiografia, falsafa na utabibu. Alifariki mwaka 934.

Al-Balkhi aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza ni ya mwili: chakula, maji, makazi, usingizi, mazoezi. Sehemu ya pili ni ya nafsi, na ndiyo inayostaajabisha. Anaanza kwa kusema kwamba maradhi ya nafsi ni mengi kuliko ya mwili. Mtu anaweza kupitisha miaka bila kuugua mwili, lakini hapiti siku bila kitu cha kumkasirisha, kumhofisha au kumhuzunisha. Tena viwili hivi havitengani: mwili ukiuma akili hupoteza ukali wake, na nafsi ikiuma mwili hupoteza ladha ya kila kitu.

Kisha anayapanga maradhi hayo katika makundi: hasira, hofu, huzuni, na wasiwasi. Katika huzuni anatofautisha aina mbili. Ipo ya mtu anayejua kilichomhuzunisha, kama kufiwa au kupoteza mali. Na ipo ya mtu aliyefunikwa na kiza bila kujua sababu, asiyeonja furaha hata akiwekewa mbele yake yote aliyoyapenda. Hii ya pili aliiona inaanzia mwilini, kwenye damu, na kwa hiyo akashauri itibiwe kwa dawa za mwili pamoja na maneno ya upole. Ile ya kwanza itibiwe kwa fikra: mtu aizungumzishe nafsi yake, na watu wenye hekima wamzungumzishe.

Ushauri wake mwingine ni wa kujiandaa. Mwenye busara huweka dawa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa wa ghafla. Vivyo hivyo, anasema al-Balkhi, mtu akiwa katika utulivu na akusanye fikra njema, azihifadhi, ili zimfae pale hofu au hasira itakapomvamia. Ukiyasoma hayo kando ya uradi wa asubuhi na jioni utaona mantiki moja. Aliyezoea kumtaja Mola wake wakati wa raha huwa na cha kushika wakati wa shida, wala hahitaji kuanza kukitafuta akiwa tayari anazama.

Na kwa mwenye wasiwasi, yule ambaye fikra moja humrudia na kumrudia hata akashindwa kazi, al-Balkhi alikataza jambo ambalo wengi wangelishauri: kukaa peke yake. Alitaka mtu huyo awe na watu, awe na shughuli, asiachiwe nafasi ya kuzama katika mawazo yake. Tulishike neno hili. Kunyamaza na kujitenga ni dawa kwa moyo mmoja na sumu kwa mwingine, na tabibu huyu alilijua hilo katika karne ya 10.

Ulimi uliofungwa

Msomaji ambaye vitabu vya al-Muhasibi vilikuwa vikimsubiri alizaliwa mwaka 1058 mjini Tus, katika Iran ya leo. Jina lake Muhammad, maarufu Abu Hamid al-Ghazali. Yeye na nduguye Ahmad walifiwa na baba wakiwa wadogo, wakalelewa kwa uhitaji, wakakimbilia madrasa kutafuta elimu na riziki. Abu Hamid alisoma Nishapur kwa Imam al-Juwayni, na mwalimu huyo alipofariki mwaka 1085, akaingia katika baraza la Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa Waseljuki. Mwaka 1091 waziri akampa kiti cha ualimu katika madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Umri wake ulikuwa miaka 33 hivi. Wanafunzi mia tatu walimsikiliza, na viongozi walitaka fatwa zake.

Kwa nje hakukosa kitu. Ndani, kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe katika kitabu *al-Munqidh*, alikuwa anabomoka. Alivisoma vitabu vya masufi, akiwemo al-Muhasibi na habari za Junayd, akaelewa yote yaliyoandikwa. Hapo akagundua kwamba kujua maana ya afya si sawa na kuwa na afya. Alijua maana ya ikhlasi, na alipoitazama nia yake ya kufundisha aliona imejaa hamu ya jaha na umaarufu. Ile hesabu ya al-Muhasibi aliifungua, na daftari likamshitaki.

Kwa karibu miezi sita, kuanzia Rajab ya mwaka 488 Hijria, yaani Julai 1095, alivutwa huku na huku. Asubuhi aliazimia kuondoka Baghdad, jioni azimio likavunjika. Kisha siku moja ulimi wake ukafungwa. Alijitahidi kufundisha kwa ajili ya waliokuja kumsikiliza, lakini hakuweza kutamka neno. Huzuni ikaingia moyoni, chakula kikakataa kushuka, hata maji yakawa shida. Nguvu zikamwishia.

Matabibu waliletwa, wakamchunguza, wakakata tamaa ya kumtibu. Lakini walisema neno la ukweli: maradhi haya yameanzia moyoni na kutoka hapo yameingia mwilini, na hayana njia ya kutibika mpaka siri iliyomsumbua itulie. Tuwape haki yao matabibu hao wa Baghdad. Hawakumwambia ana imani dhaifu, wala hawakumlisha dawa za tumbo kwa ugonjwa usio wa tumbo.

Al-Ghazali alimlilia Mwenyezi Mungu kama mtu asiye na hila tena, na moyo wake ukafanywa mwepesi wa kuacha cheo, mali na watu. Novemba 1095 alitoka Baghdad akiwaambia watu anakwenda Makka, huku moyoni ameazimia Sham. Aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto. Nduguye Ahmad akashika nafasi yake darasani.

Damascus alikaa muda, akiingia itikafu katika Msikiti wa Banu Umayya. Alipanda mnara wake na kujifungia mchana kutwa. Kutoka hapo akaenda Baitul Mukaddas, akiingia Kubba ya Mwamba kila siku na kufunga mlango. Akazuru kaburi la Nabii Ibrahim huko Al-Khalil, kisha akahiji. Baadaye watoto walimwita nyumbani, akarudi, na anakiri kwamba mahitaji ya familia na mashaka ya maisha yaliuchafua utulivu wa khalwa yake, yaani upweke wake wa ibada. Hakupata moyo safi ila kwa vipindi, lakini hakukata tamaa, na kila kikwazo kilipomwondoa alirudi tena. Miaka kama kumi na moja baada ya kuondoka Baghdad, mwaka 1106, alikubali kufundisha tena, sasa Nishapur. Alifariki Tus tarehe 18 Desemba 1111.

Masharti ya asubuhi, hesabu ya usiku

Tunda la safari hiyo ni *Ihya Ulum al-Din*, kitabu chenye vitabu arubaini ndani yake. Cha thelathini na nane ni cha murakaba na muhasaba, na kinachofuata ni cha tafakuri. Mpangilio huo una maana: moyo ulindwe kwanza, ndipo uweze kufikiri vizuri.

Al-Ghazali anairudisha lugha ya soko la Basra. Akili ni mfanyabiashara, nafsi ni mshirika aliyekabidhiwa rasilimali, na rasilimali yenyewe ni umri. Baada ya swala ya alfajiri mtu atenge muda wa kuiwekea nafsi masharti: leo tumepewa siku nyingine, macho yafanye hivi, ulimi ujizuie na vile. Mchana kutwa aichunge, na hiyo ndiyo murakaba. Kila azma inapochomoza aisimamishe na kuiuliza: hii ni kwa ajili ya Mungu au ni kwa ajili ya matamanio? Usiku afunge hesabu. Ikibainika hasara, aiadibu nafsi, aizidishie juhudi, na aikemee bila kuiacha izame. Hatua zote ni sita, na al-Ghazali anazipanga zifuatane.

Mtu anaweza kuogopa kwamba hesabu ya namna hii itamzidishia majuto mgonjwa wa huzuni. Al-Ghazali hakulisahau hilo. Katika *Ihya* hiyo hiyo, kabla ya kufika kwenye muhasaba, amekwisha andika kuhusu toba, subira, shukrani, na kuhusu hofu pamoja na matumaini. Aliyezidiwa na hofu hadi kukata tamaa anahitaji dawa ya matumaini, na kumuongezea vitisho ni kumwangamiza. Mwenye kuhesabu anahesabu mbele ya Mwenye kusamehe. Ukiiondoa rehema, muhasaba hugeuka mateso, na hiyo siyo iliyofundishwa.

Wala njia hii haikufuta utabibu. Miji ya Kiislamu iliendelea kujenga hospitali zilizoitwa bimaristani, na waliougua akili walikuwa na nafasi humo. Damascus ilipata yake kwa Nur al-Din mwaka 1154, na Kairo ikapata ile kubwa ya Sultani Qalawun mwaka 1284. Zilisimama kwa mali ya wakfu. Jamii iliyosoma *Ihya* misikitini ndiyo iliyotoa mali kumtibu mwenye ugonjwa wa akili, na haikuona mgongano wowote.

Kutoka Tarim hadi Pate

Bonde la Hadhramaut, huko Yemen, liliipenda *Ihya* kuliko sehemu nyingi. Masharifu wa ukoo wa Ba Alawi mjini Tarim waliisoma na kuisomesha, na Imam Abdallah al-Aydarus, aliyefariki katika karne ya 15, aliwahimiza watu wake washikamane nayo. Katika mji huo huo alitokea Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad, aliyezaliwa mwaka 1634. Ndui ilimpofusha angali mtoto, lakini aliishi hadi mwaka 1720 akiwa mwalimu wa mioyo. Ratibu yake ni fupi, imekusanya dhikri ambazo mtu wa kazi na mtu wa elimu wanaweza kuzisoma pamoja baada ya Isha.

Masharifu hao walipanda majahazi. Walikuja Pate, Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija, na vitabu vyao vikaja nao. Ndiyo maana Ratibu ya Haddad inasomwa pwani yetu hadi leo. Lamu ikawa na Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh, aliyezaliwa Ngazija na kufariki Lamu mwaka 1935, na darasa zake zilimfungulia mlango hata mtu ambaye ukoo wake ulidharauliwa mjini.

Lakini ushahidi ulio wazi zaidi kwamba muhasaba ilitia mizizi kwetu uko katika ushairi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtu wa Pate mwenye asili ya masharifu hao, alitunga *Al-Inkishafi*. Humo mshairi anauzungumzisha moyo wake mwenyewe. Anauuliza kwa nini umeghafilika, anaupeleka kwenye majumba ya fahari yaliyokuwa magofu, anaukumbusha waliokaa humo, kisha anausogeza kwenye kaburi na hesabu. Hiyo ni muhasaba kamili, imetungwa kwa Kiswahili na bandari ya Kiswahili ndiyo inayoutolea moyo mawaidha. Mafunzo yaliyoanza kwa wafanyabiashara wa Basra yalikuwa yamepata ulimi wetu.

Mwaka 1979

Mwaka 1979, huko Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo ya kuwafundisha wagonjwa kuzingatia pumzi na hali ya sasa, kwa misingi iliyochotwa kwenye Ubudha. Mwaka huo huo Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan, alichapisha London kitabu kilichowaonya wenzake Waislamu wasimeze kila nadharia ya Magharibi bila kuitafuna. Badri, aliyeishi kutoka 1932 hadi 2021, hakuishia kulaumu. Aliandika kitabu kuhusu tafakuri, na mwaka 2013 alitoa tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya nafsi ya al-Balkhi, iliyokuwa imebaki katika miswada kwa karne nyingi. Kwa juhudi yake wanasaikolojia wa leo waliona kwamba kuitibu fikra kwa fikra hakukuanza katika karne ya 20.

Njia hizi mbili zinakutana mahali pamoja: mtu akijifunza kuitazama fikra yake bila kuikimbilia, moyo hupata nafasi ya kupumua. Zinaachana mahali pengine. Murakaba haimwachi mtu peke yake na fikra zake. Yupo Anayemtazama, anayejua udhaifu wake kabla yeye hajaukiri, na moyo unaoliamini hilo hauhitaji kujificha wala kujipamba. Mzigo mkubwa wa nafsi ni kuonekana vingine mbele ya watu, na mzigo huo ndio uliomfunga al-Ghazali ulimi.

Kwa hiyo anayetaka kuanza ana njia iliyokwisha safishwa. Baada ya alfajiri atoe dakika chache aseme na nafsi yake. Mchana asimame mbele ya fikra kabla ya kuitii. Jioni asome uradi wake akiwa na moyo, hata kama ni mfupi. Usiku afunge hesabu kwa ukweli na kwa matumaini. Na ikiwa kiza kimemshika wiki baada ya wiki, usingizi umekimbia, chakula hakishuki, au fikra za kujidhuru zinamjia, aende kwa daktari na amwambie mtu anayemwamini leo hii. Hata al-Ghazali aliitiwa matabibu, na al-Balkhi alimkataza mwenye wasiwasi kujifungia. Kutafuta tiba ni sehemu ya amana ile ile, kwa kuwa nafsi tutakayoulizwa habari zake ni hii hii inayoumwa.